Joho la Mzee Nasoro na Mkasi Wangu

Katika miaka yote niliyoshonea maigizo ya shule, jukwaani nilipanda mara moja tu, na siku hiyo nilikuwa na pini tano mdomoni. Nitafika huko. Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono huu umezoea chaki ya kuchorea kitambaa, na kitambaa hakina mistari ya kukusuta kama daftari.

Daftari lenyewe kaniletea mwalimu wenu, Mwalimu Nyamizi. Kaja hapa nyumbani Ng'ambo, kanikuta nimekaa pale pale aliponiacha mwezi uliopita, akasema, "Baba, waandikie wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Wananiuliza kwa nini nakagua mapindo ya nguo kabla sijakagua kama wamekariri."

"Si uwaambie mwenyewe?"

"Nikiwaambia mimi watadhani najisifu. Ukiwaambia wewe watajua kosa lilikuwa la nani."

Kosa lilikuwa langu. Kaeni vizuri niwaeleze.

Naitwa Hamisi, fundi cherehani, sasa mstaafu. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na somo nililofaulu kuliko yote ni kukaa. Mji huu ulijaa watu ambao babu zao walitoka hapa na mizigo kichwani mpaka pwani wakarudi, kwa miguu, miezi na miezi. Mimi ni mjukuu wao niliyeishia Kigwa, hapo karibu tu. Nilikwenda kwa treni, kwenye harusi, nikarudi na treni iliyofuata kwa sababu nilikumbuka mto wangu wa kulalia. Siku moja shule fulani ya Urambo iliniita nikawapime wanafunzi sare. Nikawajibu kwamba itakuwa rahisi zaidi wakiletwa wao Tabora. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine, nami nikalala usingizi mzuri.

Nilikuwa fundi wa sare, basi. Mtu wa sare anataka mambo mawili: mshono usiachie mpaka mtoto amalize shule, na pindo linyooke. Ukikutana na sketi yangu leo, imegeuzwa dekio la jikoni, utakuta pindo bado limenyooka. Hiyo ndiyo tabia niliyoingia nayo kwenye maigizo, na ndiyo iliyoniponza.

Aliyenitia huko ni Mwalimu Kabula, aliyekuwa akifundisha Sanaa za Maonyesho kabla ya huyu wenu. Mama mnene, mpole, sauti yake ukiisikia kutoka nyuma ya ukumbi unadhani yuko sikioni kwako. Alikuja kibandani kwangu asubuhi moja, akanisalimu, "Mwangaluka, fundi," akatandika khanga mezani. "Nataka mfalme."

Nikamshonea mfalme. Nilikesha na vipimo, nikaweka na mifuko miwili ya pembeni, kwa sababu mwanamume anahitaji mahali pa kuweka mikono. Siku ya mazoezi mfalme akatoa hukumu ya kifo mikono ikiwa mifukoni, kama mtu anayesubiri basi la Nzega. Mwalimu Kabula hakunigombeza. Alinipeleka mpaka benchi la mwisho kabisa, akaniketisha, akaniuliza, "Unaona ule urembo uliotarizi shingoni?"

"Hapana."

"Wiki nzima umetarizi. Mifuko je?"

"Mifuko naiona."

"Basi ndiyo uliyoshona."

Nikaanza kujifunza upya, mzee mzima. Nilijifunza kwamba maleba, yaani nguo za jukwaani, hushonwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbali. Khanga ya maua madogo ikifika benchi la kumi inakuwa matope, chagua yenye mji mkubwa, yaani mchoro mkubwa wa katikati. Kaniki inakunywa mwanga wote, anayeivaa anabaki uso na viganja. Nzuri kwa mchawi, mbaya kwa bibi harusi. Nguo ya kubadilisha haraka usiiwekee vifungo. Nilimwekea msichana mmoja vifungo kumi na viwili, tukaona onyesho la pili likianza bila yeye huku tukisikia nyuma ya pazia, "Fundi, Mungu anakuona." Nikahamia kwenye zile za kunata, zinazofunguka kwa kuvuta. Nazo zikanguruma katikati ya kilio cha msibani, watu wakageuka kutafuta nani kachana suruali. Mwisho nikarudi kwenye kamba za kufunga fundo moja. Babu zetu walizijua, mimi nikazungukia Uchina ndipo nikafika.

Ninyi leo mnapigwa picha na simu, mtu anatazama akiwa kitandani, pua yenu imejaa kioo kizima. Labda urembo wa shingoni sasa unaonekana. Mimi nilishastaafu, hamtaniita tena.

Lakini lipo jambo ambalo simu haikulibadilisha. Shule haikuwa na kitu, na Mwalimu Kabula alikuwa akiazima mji mzima. Chetezo kwa huyu, mkuki kwa yule, birika la kahawa, ngoma, kigoda. Naye alikuwa na utaratibu wake. Kila aliyeazima kitu alikaa mbele kabisa, kwenye benchi lililoitwa benchi la wenye vitu. Igizo likiisha, waigizaji hawakukimbilia kuvua. Walishuka hivyo hivyo, kila mmoja akaenda kwa mwenye kitu chake, akakirudisha kwa mikono miwili mbele ya watu wote na kusema, "Kimerudi kama kilivyokuja." Mwenye kitu akikipokea, anapigiwa makofi kuliko mfalme. Ndiyo maana watu walituazima. Nusu yao walikuja kutazama mabirika yao yakiigiza.

Sasa nifike kwa Nyamizi.

Alikuwa kidato cha sita, binti wa mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, mfupi, mwembamba, na macho ambayo hayakuwa na adabu ya kutazama chini. Darasa lao lilikuwa limetunga igizo la msafara kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Msahihishaji alikuwa anakuja kutoka mbali, atazame siku moja, aandike, aondoke. Nyamizi ndiye aliyekuwa kirangozi, kiongozi wa wapagazi. Katika igizo anatembea na msafara mpaka pwani, tajiri anamzawadia joho, anarudi nalo nyumbani baada ya miaka mingi, na nyumbani hakuna anayemjua. Mwaka mzima alijifunza kutembea kama mwanamume mwenye mzigo. Nilimwona mpaka sokoni akitembea hivyo, watu wakimpisha.

Joho lilitoka kwa Mzee Nasoro. Familia yao ni ya asili ya Omani, wafanyabiashara wa mji huu tangu enzi za misafara yenyewe. Joho lilikuwa la baba yake, jeusi, zito, lina uzi wa dhahabu kifuani mpaka chini. Mzee Nasoro alilitoa kwenye sanduku mara mbili kwa mwaka, Idi kwa Idi, na hakuwahi kuliazima hata kwa mwanawe. Mwalimu Kabula alikwenda kumwomba mara nne. Mara ya nne akapewa.

Alhamisi akaniletea. Igizo Jumamosi saa nne asubuhi. Nawaandikia alichoniambia neno kwa neno, ili asije mtu akasema sikuambiwa: "Fundi, binti ni mfupi. Likunje kwa ndani, piga bandi. Usikate."

Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza tu, ya kufumua baadaye. Kwa fundi wa sare bandi ni kitu cha aibu, kama kutoka nje na kandambili zisizofanana. Nikakunja. Kitambaa kile kilikuwa kizito, pindo likavimba kama mtu kaficha ugali chini ya joho. Nikakunja upya, likavimba upya. Mama Zaina, mke wangu, akapita akasema, "Hilo nalo linakwenda wapi, sokoni au jukwaani?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini lilinichoma.

Nikachukua mkasi. Nikakata shibiri nzima kuzunguka, nikapinda pindo jembamba, nikapiga pasi. Wanangu, lilikuwa pindo zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Nililining'iniza ukutani, nikanywa chai na michembe ya viazi vitamu huku nikilitazama. Nilijiambia Mzee Nasoro mwenyewe atanishukuru. Huo ndio ujinga wa mtu anayekaa nyumbani peke yake na kazi yake.

Ijumaa asubuhi Nyamizi akaja kulijaribu. "Shikamoo baba." "Marahaba, vaa tuone." Akavaa, likamkaa kama lilizaliwa naye. Akatabasamu, akainama kutazama chini, akashika pindo, akalibonyeza kwa vidole. Tabasamu likaondoka.

"Baba, mkunjo uko wapi?"

Nikajitia kutafuta chaki.

"Umekata?"

"Limekaa vizuri lakini."

Akakaa chini kwenye vipande vya nguo, joho likiwa mwilini. "Kesho nitamrudishia Mzee Nasoro mbele ya mji mzima. Nitasema limerudi kama lilivyokuja. Baba, nitasemaje?"

Ndipo akili ikanirudia, ikanikuta nimechelewa. Mzee Nasoro akisimama pale kwenye benchi na joho limepungua shibiri, habari ingekuwa stendi kabla ya adhana ya Adhuhuri. Kuanzia hapo shule isingeazimwa hata kijiko. Na binti huyu angesimama mbele ya msahihishaji na kashfa badala ya igizo.

"Tumwambie leo," akasema Nyamizi. "Lakini nitasema mimi. Nitasema nililikanyaga kwenye ngazi za bweni. Mimi mtoto, atanisamehe. Wewe fundi hatakusamehe."

Mwanamume mwenye heshima angekataa pale pale. Mimi nilimwambia nitafikiria, nikafikiria mpaka baada ya sala ya Ijumaa, na tulipofika barazani kwa Mzee Nasoro nilikuwa bado nafikiria.

Mzee alikuwa na kahawa yake. Akanitazama. "Hamisi. Leo umetoka nje mpaka huku? Kuna vita?"

"Hapana, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Akanimiminia kikombe. "Na wewe, mjukuu?"

Nyamizi akapiga goti, akasalimia, akaanza. Nimeona maigizo mengi, lakini lile la barazani, watazamaji wawili, halijapata mwenzake. Alisimulia ngazi, mguu, sauti ya kitambaa kikichanika. Machozi yakatoka moja moja, kila moja kwa wakati wake. Hata mimi niliyekata kwa mkono wangu nilianza kumkasirikia kwa kutokuwa mwangalifu. Nikamaliza kikombe, nikamiminiwa cha pili, nikanywa, nikanyamaza.

Mzee Nasoro alilichukua joho, akalitandaza mapajani, akalitazama sana.

"Nilishampa mwalimu neno langu, silirudishi," akasema. "Joho litachezwa kesho. Ila wewe usilivae. Ukirangozi mpeni mwenzio, avae mtu anayetazama anapokanyaga."

Nyamizi akalitazama joho. Kisha akalia tena. Safari hii kilio hakikuwa na mpangilio wowote. Pua ilitoka kamasi, akajifuta kwa mkono wa sare, akakosea, akajipaka shavuni. Hapo nikajua tofauti ya machozi na machozi. Msimwambie kwamba nimewaandikia habari za kamasi.

Nikaweka kikombe chini. "Mzee, hakulikanyaga. Nililikata mimi. Niliambiwa nisikate, nikakata, kwa sababu pindo lilikuwa baya."

Nikasubiri nifukuzwe. Mzee akapitisha kidole kwenye pindo langu, taratibu.

"Kitambaa kikichanika kinatoa nyuzi, Hamisi. Hiki kimekatwa na mtu anayejua kazi."

"Ulijua?"

"Tangu nilipolishika. Nilitaka kuona utamwachia mtoto huu mzigo mpaka wapi." Akachungulia kikombe changu. "Kikombe kimoja na nusu."

Nikatazama miguu yangu.

"Kipande kiko wapi?"

"Nyumbani. Sehemu kubwa iko kwenye kikapu."

"Na sehemu ndogo?"

"Mama Zaina alidhani ni takataka. Ameigeuza vishikio vya sufuria."

Mzee akafumba macho. "Sufuria ya nini?"

"Maharage, mzee."

Akakaa hivyo, macho yamefumbwa, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua kama anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza. Alipofumbua alikuwa mkali kama mwanzo. "Kirudishe chote. Hata chenye maharage. Joho liwe na urefu wa baba yangu, halafu likunje ulivyoambiwa. Binti atavaa. Na kesho nitakaa benchi la mbele, nitatazama joho tu. Mchezo wenu sina haja nao."

Nilishona tangu Alasiri mpaka Magharibi, na tena baada ya Alfajiri, kwa mkono, kipande kwa kipande. Mama Zaina alifua vile vishikio mara tatu, doa la mafuta likabaki. Alivitoa bila neno, lakini jioni ile alipika maharage, akaepua sufuria kwa khanga, akanitazama.

Kisha nikakunja, nikapiga bandi. Hapo woga ukanitia kosa la pili. Sasa nilikuwa naogopa kulichoma joho hata kwa sindano, nikapiga mishono michache, mirefu, kwa uzi mmoja mwembamba. Mshono wa mtu anayeomba radhi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Msahihishaji alikaa pembeni na karatasi zake. Mzee Nasoro alikaa katikati ya benchi la wenye vitu, fimbo kati ya magoti, macho kwenye joho kama alivyoahidi. Mimi nilisimama ubavuni mwa jukwaa na pini zangu mdomoni, sehemu ya fundi.

Msafara ukaenda, ukafika pwani, ukageuka. Kirangozi akapokea joho. Akaanza safari ya kurudi nyumbani, akapiga hatua tatu, nikasikia. Hakuna mwingine aliyesikia, lakini fundi husikia uzi wake ukikatika. Pindo likashuka nyuma, kisha mbele, kisha pote. Shibiri nzima ya joho ikamlalia miguuni, akakanyaga, akayumba.

Sikufikiri. Mtu aliyeshindwa kwenda Urambo alipanda jukwaani mbele ya watu mia kadhaa, akipiga magoti na pini tano mdomoni, akikimbilia pindo.

Nyamizi akanyoosha kiganja, nikakomea pale nilipokuwa. Hakunitazama kama fundi. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Alikuwa amejikunja ndani ya lile joho, mabega yameporomoka, mikono imemezwa na mikono ya joho, na nikaona kwa macho yangu kirangozi amezeeka. Miaka yote ya njiani ilimwangukia kwa mkupuo mmoja. Joho halikurefuka, yeye ndiye aliyepungua ndani yake.

"Kijana," akaniambia, kwa sauti ya kizee. "Hapa palikuwa na nyumba ya mama yangu. Ipo?"

Maneno hayo hayakuwa kwenye igizo. Nilikuwa na pini mdomoni, ningejibu nini? Nikatikisa kichwa.

"Na wewe hunijui?"

Nikatikisa tena. Machozi yalikuwa yananitoka, na hayakuwa na mpangilio.

"Basi nilichelewa," akasema, akanipita, akiburuta joho polepole mpaka nje ya pazia. Ukumbi ulinyamaza hivi kwamba nilisikia pini zikigongana kwenye meno yangu.

Baadaye msahihishaji alimuuliza Mwalimu Kabula yule mzee bubu ni mtahiniwa wa kujitegemea au wa shule. Mwalimu Kabula akamjibu kwamba ni mtu wa nyumbani.

Waliposhuka kurudisha vitu, Nyamizi alifika mbele ya Mzee Nasoro, akapiga goti, akalitoa joho kwa mikono miwili. Kisha akasema polepole, "Halikurudi kama lilivyokuja, babu." Mji mzima ukasikia. Nami nikatoka ubavuni, nikasimama kando yake, maana safari hii sikutaka kumaliza hata robo kikombe.

Mzee alilipokea. Alitafuta kwa kidole mahali nilipounga, akafika kwenye doa la maharage, akasimama hapo. Nikasubiri. Akaniashiria nisogeze sikio.

"Hamisi," akasema, "nilisahau kulitazama joho."

Akapigiwa makofi. Shule iliendelea kuazima mji huu mpaka nilipoacha kazi, na Mzee Nasoro alilivaa joho lile kila Idi mpaka alipofariki, doa likiwa mbele, na akiulizwa anasema limewahi kwenda pwani. Nyamizi alifaulu, akaenda chuo, akarudi, na sasa anawafokea ninyi kuhusu mapindo. Mnajua sababu.

Juzi alipopita kuuliza nimefika wapi na hili daftari alinikuta nakwenda msikitini, akasema, "Baba, kanzu yako inaburuza." Si kanzu iliyorefuka. Alipoondoka Mama Zaina akaleta mkasi. Nikamwambia aurudishe, alete sindano, tukunje, tupige bandi.

"Bandi ya nini?" akaniuliza. "Unategemea kurefuka tena?"

Nikamwambia kunja tu, na safari hii mishono iwe mifupi.